Lugha ya nyanya zetu inaisha tukiona, wale Waaborijini wa Australia walianzaje? Naomba ushauri

KijanaWaTapac (Moroto)

Habari zenu wandugu. Mimi ni Mtepeth, kwetu ni mlimani upande wa Tapac hapa Moroto, ila nimekulia kambini manake baba alikuwa mwanajeshi, ndio maana Kiswahili kimenikaa mdomoni kuliko hata Ngakarimojong, lugha ya Wakaramojong waliotuzunguka. Lugha yetu wenyewe, Kisoo, mimi najua salamu na matusi tu, baba anasikia lakini hajibu, wanaoiongea sawasawa ni nyanya na wazee wenzake wachache na wenyewe wanazidi kupungua. Wakikaa peke yao wakisaga ugoro wanaongea Kisoo, mjukuu akiingia tu wanahamia Ngakarimojong hapo hapo, katikati ya sentensi, wala hawajui kama wamehama. Nikimwambia nyanya anifundishe anasema itakusaidia nini.

Sasa sisi vijana wa ukoo tumefungua grupu ya WhatsApp tunataka kufanya kitu. Nilisikia kwenye redio wanaongelea Waaborijini, wale wenyeji wa asili wa Australia, ati kuna lugha ilishanyamaza kabisa, hakuna hata mtu mmoja wa kuiongea, na leo watoto wanaimba nayo shuleni. Ni kweli? Na kama ni kweli walianzaje, nani alikuwa anafanya nini? Manake sisi kila tukikutana ni kelele, huyu anataka tuanze na kamusi, yule anasema bila mzungu wa chuo kikuu hatuwezi, mwingine anasema tutafute hela kwanza, na wazee nao wamechoka na watu wa kuuliza, kuna watafiti walishakuja wakawarekodi kutwa nzima wakaondoka na mpaka leo hatujaona hata karatasi moja. Mwenye kujua anisaidie, hii kitu inaniuma kwelikweli.

---

mwalimu_wa_Nakawa

Ndugu yangu, ulichosikia ni kweli, na nadhani walikuwa wanaongelea Kaurna, lugha ya wenyeji wa pale ulipojengwa mji wa Adelaide, kusini mwa Australia. Mimi nafundisha lugha na hawa watu nimekuwa nikisoma habari zao muda mrefu kwa hiyo univumilie, nitaandika marefu.

Waingereza walianzisha koloni pale mwaka 1836. Mwaka 1838 wakafika wamisionari wawili Wajerumani, Christian Teichelmann na Clamor Schürmann, wakajifunza lugha kwa wenyewe Wakaurna, na mwisho wa 1839 wakafungua shule kando ya mto Torrens, mahali panaitwa Pirltawardli, watoto wakawa wanasoma na kuandika kwa lugha yao. 1840 wakatoa kitabu cha sarufi na msamiati, maneno kama 2,000 hivi na sentensi za mfano. Halafu 1845 serikali ikaifunga ile shule, watoto wakapelekwa kwenye shule ya Kiingereza. Weka juu yake magonjwa, kunyang'anywa ardhi, watu kuhamishiwa misheni za mbali, baadaye watoto kuchukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao, lugha ikaisha mdomoni mwa watu. Bibi mmoja, Ivaritji, ambaye ndiye anahesabiwa kuwa wa mwisho aliyeijua vizuri, alifariki 1929.

Sasa fikiria, toka 1929 mpaka mwisho wa miaka ya 1980 hakuna anayeiongea. Kilichobaki ni maandishi ya wale Wajerumani pamoja na barua ambazo watoto wa shule ile waliandika kwa mikono yao wenyewe, zikawa zimehifadhiwa Ujerumani. Hakuna kanda, hakuna sauti. Na bado walianza. 1990 walikaa kwenye semina wakatunga nyimbo, nyimbo za watoto za kawaida kabisa, wala kamusi haikuwa ya kwanza. Karibu na 1992 shule ya Kaurna Plains ikaanza kuifundisha, mkuu wa shule alikuwa Alitya Rigney, mama wa Kiaborijini mwenyewe. 2002 yeye na mzee Lewis O'Brien pamoja na mtaalamu wa lugha Rob Amery wa chuo kikuu cha Adelaide wakaunda kamati inaitwa Kaurna Warra Pintyanthi.

Swali lako la nani anafanya nini, jibu lake liko kwenye ile kamati. Wenye lugha, yaani wazee na familia za Kikaurna, ndio wanaamua. Mtaalamu anachimba kwenye vitabu vya zamani, analinganisha na lugha za majirani zilizo ndugu na Kaurna, anakuja mezani anasema neno hili nadhani lilitamkwa hivi, na kama kuna kitu hakikuwepo 1840 tunaweza kukiita hivi, wao wanakubali au wanakataa. Walimu nao wanaleta shida zao za darasani, mfano nitamwambiaje mtoto akae chini, funga mlango, rusha mpira. Hizi ndizo zinaikuza lugha kuliko kitu kingine, manake mmisionari wa 1840 hakuwaza habari za mpira. Na mtu wa nje akitaka jina la Kikaurna la barabara au la bustani au la jengo, anapeleka ombi kwenye meza hiyo hiyo, hajichukulii. Ile square kubwa ya katikati ya Adelaide toka 2002 ina majina mawili, Victoria Square na Tarntanyangga.

Kuhusu kelele za namna ya kuandika: Wakaurna walitumia tahajia moja kwa miaka mingi na 2010 ndio wakaibadilisha kuwa hii ya sasa. Hawakungoja wakubaliane kila herufi ndio waanze kufundisha. Nyinyi pia msigombane kwa sasa, andikeni vile mnavyosikia, mtarekebisha mbele ya safari.

Na sio shule peke yake. Kuna kijana, Jack Buckskin, alijifunza akiwa mtu mzima, akawa mwalimu na nyumbani akaanza kuongea nayo na watoto wake. Mtoto anaisikia toka kwa baba yake mzazi, kwenye lugha ambayo haikuwa na mtu. Kila nikifika hapo moyo wangu unajaa.

---

Hajati_Bombo

Mwanangu wa Tapac, salaam aleikum, pole na hongera kwa wakati mmoja. Sisi Wanubi hapa Bombo Kinubi chetu bado kipo, ukipita mitaani utasikia, lakini nenda Kampala kwa wajukuu zangu, unawasalimu Kinubi wanakujibu Luganda, na mama yao amekaa hapo hapo anacheka. Mimi nilikataa. Wakija likizo nyumba yangu ni Kinubi, ukitaka chai omba Kinubi, ukiomba kwa Luganda chai haisikii. Wiki ya kwanza ni kununa tu, baadaye wanazoea wenyewe mpaka wanagombana nayo, na mtoto akishagombana na lugha ujue imeingia.

Kwa hiyo huyo nyanya yako usimwambie "nifundishe", hilo neno linamtisha, yeye sio mwalimu. Kaa naye jikoni. Akisema lete maji kwa Ngakarimojong, muulize yeye alivyokuwa mtoto mama yake alimwambiaje lete maji. Atacheka halafu atakwambia, na kesho yake atakwambia bila kuulizwa. Na msiwaache wanawake nyuma kwenye hiyo grupu yenu, naona hizi kamati za lugha zinajaa wanaume wanatafuta uenyekiti, lakini mtoto analala mgongoni kwa nani?

---

Opio_Busia

Mimi sipingi mtu, nauliza kwa nia njema kabisa. Hapa Busia mtoto akijua Kisamia, Kiswahili na Kiingereza anakula, anavuka mpaka anafanya biashara. Watu wa mlimani wana shida za maji, shule ziko mbali, mambo ya wizi wa ng'ombe yamewasumbua miaka, halafu unataka wakae chini wajifunze lugha ya wazee wachache. Hiyo nguvu si ingeenda kwenye Kiingereza mtoto apate kazi? Hata serikali yenyewe kwanza ihangaike na Kiswahili ambacho Katiba ilishasema ni lugha rasmi ya pili toka 2005 na mpaka leo wengi hawakijui.

---

KijanaWaTapac

Mzee Opio nimekusikia na sijakasirika, hata baba anasema kama wewe. Lakini mimi Kiingereza ninacho, Kiswahili ndio hiki unakisoma, na kazi nilipata. Hakuna mtu kati yetu amesema mtoto aache Kiingereza. Shida ni kwamba tukipanda mlimani na nyanya, yeye anajua kila bonde na kila chemchemi kwa jina, anajua mti huu unatibu nini na ule nyuki wanaupenda mwezi gani, na majina mengi anayasema kwa Kisoo kwa sababu kwa Ngakarimojong hana neno lake. Nikimuomba anieleze kwa Ngakarimojong anasema "ule mti tu". Ujuzi wote unageuka kuwa "ule mti tu". Kwenye fomu naandika Mtepeth, Katiba inatutaja kwenye zile jamii 65, watoto wangu wataandika hivyo hivyo, na ndani yake kutakuwa na nini?

Na maji tunayadai vilevile, mzee wangu. Wanaoenda kwa LC, viongozi wa serikali za mitaa, kudai kisima ni hawa hawa wa kwenye grupu.

---

Opio_Busia

Sawa kijana, hapo kwenye miti umenigusa. Mama yangu alikuwa mganga wa mitishamba, aliondoka nayo yote kichwani.

---

mtu_wa_Kamion (Kaabong)

Majirani! Mimi ni Mwik, huku juu mpakani na Kenya. Nilikuwa nasoma tu kimya kimya lakini hapa lazima niingie. Watu wasiojua, Kiik na Kisoo na Kinyang'i ni ndugu watatu, na ndio hao tu, hakuna lugha nyingine duniani iliyo karibu nao hivyo. Kinyang'i ni kama kimeshakwisha, wale ndugu zetu walihamia lugha za majirani wakubwa zamani. Kisoo ndio hicho anachosema kijana. Sisi Waik sensa ya 2014 ilituhesabu kama 14,000 hivi, wachache sana ukilinganisha na waliotuzunguka, lakini watoto wetu nyumbani bado wanaanza na Kiik, na hiyo ndiyo nguvu yetu yote.

Sisi tuna alfabeti, na kuna kamusi pamoja na sarufi ya mtaalamu wa lugha Terrill Schrock ilitoka 2017, ipo mtandaoni bure unaidaunilodi kwenye simu. Hiyo itakusaidia pia wewe Mtepeth, kama mwalimu alivyosema wale walilinganisha na lugha za majirani. Neno ambalo nyanya yako amelisahau nusu, huenda kwetu lipo, limebadilika kidogo tu. Mkutano wenu wa kwanza nipe tarehe, nitakuja na mzee mmoja wa kwetu, wakae na wazee wenu waongee, tuone wanasikilizana wapi.

---

KijanaWaTapac

Ndugu wa Kamion umenifurahisha hata sijui niseme nini, nitakuandikia inbox.

Mwalimu, swali. Hao Wakaurna walikuwa na vitabu vya Wajerumani, sisi hatuna kitu. Na hilo la watafiti mnasemaje? Kuna mzee kwenye ukoo amesema mtu akija tena na kinasa sauti yeye anaondoka nyumbani.

---

mwalimu_wa_Nakawa

Sio kweli kwamba hamna kitu. Mtaalamu wa lugha Mjerumani, Bernd Heine, alifanya utafiti wa hizi lugha tatu miaka ya 1970, na 1993 Eithne Carlin alichapisha sarufi ya Kisoo kule Köln, Ujerumani. Tena Ujerumani, kama Wakaurna. Andikeni barua kama ukoo, kwa jina la jamii, muombe nakala ya kitabu na muulize kama kuna rekodi zilizobaki. Andikeni nyinyi wenyewe msingoje mtu wa kuwaandikia.

Halafu tofauti yenu na Wakaurna ni kubwa mno na naomba muione. Wao walikuwa na karatasi bila mtu wa kuwaambia sauti inapanda au inashuka wapi. Nyinyi mnao wazee, wako hai, wanaongea leo jioni. Watu wa Adelaide wangetoa chochote kile wapate saa moja na Ivaritji.

Kuhusu watafiti huyo mzee ana haki kabisa, na Waaborijini wamepitia hayo hayo, mambo yao yalikuwa yamejaa kwenye makabati ya vyuo na majumba ya makumbusho na wenyewe hawana. Siku hizi taasisi yao ya taifa, AIATSIS ya Canberra, ina kanuni za maadili, kwamba utafiti unaanza na idhini ya wenyewe na wenyewe wananufaika. Nyinyi fanyeni yenu hata ya ukurasa mmoja: nakala ya kila rekodi inabaki kwa ukoo, mzee anasema nani asikilize na nani asisikilize, mambo ya siri ya ukoo hayarekodiwi kabisa, na mgeni akitaka kuchapisha kitu analeta kwanza kisomwe kwa sauti mbele ya wazee. Mtaalamu mwema hatakasirika. Mfano Wabarngarla, hao wako Port Lincoln na Whyalla na Port Augusta, wana kamusi ya Schürmann huyo huyo ya 1844. 2011 profesa Ghil'ad Zuckermann aliwafuata akawauliza kama wanataka, walipokubali ndio semina zikaanza, na semina zilifanyika kwao, kwenye miji yao.

Shule msiiweke mbele sana. Mnajua toka 2007 P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza mpaka la tatu, inatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na Karamoja hiyo ni Ngakarimojong, kwa hiyo Kisoo hakitaingia darasani kirahisi. Anzeni na watoto wadogo ambao hawajaenda shule, hapo Hajati amesema yote. Wamaori wa New Zealand mwaka 1982 walifungua vitalu vya watoto ambako bibi na babu wanakaa na watoto wachanga kwa Kimaori tu, na vikaenea nchi nzima haraka sana. Kinachotakiwa ni mkeka na kivuli na wazee wawili watatu, na uji wa watoto mnajichangia.

Na kwa nyinyi vijana wakubwa kuna njia ya Wahindi Wekundu wa California, ilianza miaka ya 1990, mzee mmoja na kijana mmoja wanakaa pamoja masaa mengi kila wiki wanafanya kazi za kawaida, wanachunga, wanapika, wanatembea, na lugha kubwa hairuhusiwi hata kidogo, ukikwama unaonyesha kwa mkono. Mgawane wazee, kila mmoja na wake. Hapo hamhitaji hela wala chuo kikuu.

---

afande_mstaafu_Jinja

Nimefanya kazi Moroto miaka, hao watu wa mlimani nawaheshimu sana. Mimi niongeze la ufundi tu manake nimerekodi mikutano mingi ya wazee. Upepo wa huko juu unaua sauti, usirekodi uwanjani, ingia ndani ya nyumba au ukae nyuma ya ukuta, mbuzi wafukuzwe kwanza. Simu uiweke karibu na mdomo wa mzee sio katikati ya kikundi, ufunge kitambaa chepesi kwenye maiki, uzime network ili simu ya mtu isikate. Mwanzo wa kila rekodi taja tarehe, mahali, nani anaongea na amekubali nini, kwa sauti, manake faili likishakuwa na jina la namba tupu mwakani hamtajua ni nani. Weka nakala kwenye memori kadi mbili kwa nyumba mbili tofauti. Usitegemee WhatsApp peke yake, inapunguza ubora na simu ikiibiwa imekwisha.

Na usiwape wazee orodha ya maneno kama polisi anahoji mtuhumiwa. Waulize walivyochumbiwa, njaa kubwa wanazozikumbuka, asali inavyovunwa. Wawili wakibishana ndio utapata lugha tamu.

---

Hajati_Bombo

Afande umesema kweli, wakibishana. Na mwanangu, watoto wakikosea msiwacheke, hata wazee waambieni wasicheke. Kuna mabinti hapa kwetu walikuwa wanajaribu Kinubi, shangazi mmoja akawaiga mbele za watu harusini, toka siku hiyo hawajafungua mdomo tena.

---

KijanaWaTapac

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimewasomea haya yote kwenye grupu kwa voisi, kamusi tumeiweka pembeni kwanza. Tumegawana wazee, mimi na binamu yangu wa kike tuko kwa nyanya, wengine wawili wamekwenda kwa yule mzee aliyekataa kinasa sauti, wanamchungia mbuzi tu, hawarekodi kitu mpaka aseme mwenyewe. Mama zetu wameomba kivuli cha kanisa kwa watoto wadogo, Jumamosi asubuhi, mchungaji amekubali. Barua ya Köln nimeanza kuandika, mwalimu nitakutumia uipitie kabla haijaenda.

Ndugu wa Kamion, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao inakufaa?

---

mtu_wa_Kamion

Inafaa. Mzee amesema anakuja ila hapandi boda kwenye ile barabara, tutashuka na gari la Ijumaa tulale Moroto mjini. Tafuteni mtu wa kutupokea.

---

afande_mstaafu_Jinja

Moroto nina kijana wangu ana nyumba karibu na stendi, watalala hapo. Nimekutumia namba yake inbox.